Vipande Tisini na Saba

Jumatatu, tarehe 2 Machi

Daftari hili ni la mjukuu wangu. Alipohamia shule ya mbali aliliacha limeandikwa kurasa nne tu, tatu za hesabu na moja ya picha ya paka. Paka anafanana sana na mwenyekiti wetu wa baraza la ardhi, kwa hiyo sijamchana. Jaladani nyuma kuna jedwali la kuzidisha. Mimi niliishia mstari wa sita, nikiwa darasa la nne, baba alipoona ng'ombe wake wanamhitaji mchungaji kuliko nchi inavyomhitaji karani.

Mvua zimeanza. Zikianza, mzee kama mimi hubakiwa na kazi mbili, kukaa na kukohoa. Nimejitafutia ya tatu.

Jumatano, tarehe 4

Mvua. Mbuzi wamegoma kutoka. Nawaelewa.

Ijumaa, tarehe 6

Mwalimu kaniita. Huyu ni mwalimu mstaafu, bado anatembea na kalamu mfukoni kama polisi na filimbi. Ng'ambo ya barabara, mbele ya nyumba yangu, kuna mashamba saba yaliyopangwa mstari mmoja hadi mtoni, kama vitanda vya bweni. La kwanza, la barabarani, ni lake. La sita ni la Kinu, mwenye mashine ya kusaga. La saba, linalogusa mto, ni la mdogo wangu wa kike, tumbo moja, aliyefiwa na mumewe mwaka juzi. Langu mimi halimo. Nakaa upande huu kwenye kiwanja cha baba ambacho hakuna aliyewahi kukipima.

Lakini hayo saba niliyapima mimi. Yaani mpimaji aliandika, mimi nikavuta mnyororo. Ndiyo maana watu huniita Mzee Mnyororo, na ndiyo maana nina kiti kwenye baraza la ardhi ingawa sijui kusoma sheria bila kusinzia.

Mwalimu anataka kujenga ukuta. Akaleta mpimaji mpya, binti mwenye mashine ya miguu mitatu, anafumba jicho moja na kuchungulia. Nimempa jina Darubini.

"Mzee," Mwalimu akasema, "karatasi yangu inasema mita mia. Mashine inasema tisini na saba. Shamba langu limepungua mita tatu."

"Labda limekonda, Mwalimu. Mwaka jana hukulitia mbolea."

Akanitazama bila kucheka. Binti naye hakucheka, ila alikohoa kidogo, na mimi kikohozi cha namna hiyo nakijua.

Nimerudi nyumbani sina hamu ya chai. Mita tatu kamili. Hata jedwali sikulifungua.

Jumapili, tarehe 8

Mvua. Nimekula nusu. Mbuzi wamemalizia.

Jumanne, tarehe 10

Basi niandike, maana nikizikwa nalo hakuna atakayelifukua.

Miaka arobaini na mmoja iliyopita alikuja mpimaji kutoka ofisi kuu, mtu mnene, mwenye kiti cha turubai na chupa ya kitu ambacho hakikuwa chai. Alinichagua kwa kuwa niliweza kuhesabu kupita mia bila kupumzika. Mnyororo wake ulikuwa na vipande mia moja vya chuma, kila kimoja shibiri moja, sentimita ishirini, vimeshikanishwa kwa pete. Ukiunyoosha unapata mita ishirini. Kila shamba lilitakiwa minyororo mitano. Unavuta mara tano, unapanda jiwe la mpaka. Tena mara tano, jiwe. Hata punda angeweza, ila punda hajui kusema "nimefika."

Siku moja kabla hatujaanza haya mashamba saba, mchana, bwana mkubwa kalala, akapita msichana na ng'ombe wa baba yake. Nikamwambia apumzike kivulini. Akasema ng'ombe atakimbia. Nikamwambia nina kamba hapa ya serikali, haikatiki.

Msichana huyo nilikaa naye miaka thelathini na minane, kwa hiyo siwezi kusema nilipata hasara. Lakini ng'ombe aliumwa na nzi, akaruka, kamba ya serikali ikakatika. Vipande vitatu vilipinda kama mguu wa mbwa aliyegongwa, na pete zake zikafunguka. Nilivitoa, nikaunganisha vilivyobaki, nikaukunja mnyororo kama nilivyoukuta. Nani ataona shibiri tatu ndani ya mita ishirini? Mpimaji alipaswa kuupima kila asubuhi kabla ya kazi. Kila asubuhi alipima chupa yake.

Tukapima yote saba. Shibiri tatu kila mnyororo, mara minyororo mitano, shibiri kumi na tano. Ndizo mita tatu. Kwenye karatasi kaandika mia, kwenye udongo tumeweka tisini na saba. Na shamba la saba lilipoishia, mto ulikuwa pale pale, kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

Baadaye ofisi ikapata kanda mpya ya kupimia, mnyororo wakaniachia kama asante. Vile vipande vitatu nilivigonga nyundo vikanyooka. Mwaka ule ule mdogo wangu akaolewa, sina kitu mfukoni, nikampa kama zawadi: kitundikio cha kopo la chumvi, juu ya mafiga, chumvi isinyonye maji. Alifurahi kuliko waliompa vitenge.

Tangu hapo nimeamua ugomvi wa mipaka kwa mnyororo huo. Mtu akilia kaibiwa, nauvuta, unaangukia juu ya jiwe barabara. Watu wanasema mnyororo wa mzee haujawahi kukosea. Ungekoseaje, wakati mawe yenyewe uliyaweka huo huo?

Jumamosi, tarehe 14

Mwalimu kadai mita tatu zake kwa jirani wa chini, shamba la pili. Jirani kapimisha na yeye: kunyang'anywa tatu, na zake tatu zilizopungua, anadai sita kwa wa tatu. Wa tatu kashasuka nywele za ugomvi. Wanasukumana kama mbuzi mlangoni, na aliye nyuma kabisa ndiye anayesukuma.

Jumanne, tarehe 17

Mvua mchana kutwa. Nimehesabu vipande usingizini. Mia haikutimia.

Alhamisi, tarehe 19

Mdogo wangu amekuja na mwavuli wenye mbavu tatu, akaketi bila kukaribishwa.

"Kaka, Kinu amekuja kwangu na karatasi."

"Anataka ngapi?"

"Kumi na nane."

Nilifungua jedwali kumwonyesha kwamba nafikiri. Tatu mara sita, kumi na nane. Mstari wa sita, palepale nilipoishia na shule.

"Mita kumi na nane kutoka kwenye jiwe," akasema, "zinaingia nyumbani kwangu. Chumba cha kulala, sebule, na nusu ya jiko. Kinachobaki ni choo na mto."

"Choo ni jambo kubwa."

"Kaka, usinitanie leo." Kisha akacheka mwenyewe, akapiga goti langu kwa kiganja. "Sina wasiwasi. Nimemwambia Kinu, wewe na mashine yako ya kusaga na huyo na mashine yake ya kuchungulia, mtakutana na mnyororo wa kaka yangu."

Alipoondoka nilikwenda chooni mara tatu.

Jumanne, tarehe 24

Darubini amepigilia vigingi vyekundu. Kigingi cha mpaka wa Kinu kimeangukia ndani ya jiko la mdogo wangu, katikati ya mafiga. Binti aliomba radhi, akauliza kama moto unaweza kuhamishwa. Mdogo wangu akamjibu, "Moto utahama, mwanangu, lakini utauambia nini?" Ikabidi kigingi kikae pale, chungu kikabandikwa juu yake.

Nilikuwepo. Kopo la chumvi linaning'inia juu kidogo tu ya kigingi. Nilikunywa chai nikiangalia ukuta.

Kinu naye alisimama mlangoni, hakuingia. Ana tumbo la mtu anayeonja unga wa wateja. Nimemwita majina kumi njia nzima hadi nyumbani, yote ya kweli.

Jumatatu, tarehe 30

Baraza limekaa kwenye ghala la ushirika. Bati linapiga kelele kwa mvua, mtu akisema neno la maana lazima aliseme mara mbili, ndiyo maana tulimaliza mapema.

Mwenyekiti aliniambia nishuke kitini, shauri linamhusu ndugu yangu, niwe shahidi. Nikashuka. Mvua ilipopungua tukaenda wote shambani kwa mdogo wangu, na mimi na mnyororo begani. Nikauvuta kutoka jiwe lake la juu hadi jiwe la mtoni. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Ncha ikagusa jiwe kama kidole kinavyogusa pua.

Watu wakapiga makofi. Mdogo wangu alifunga kanga upya kama mtu aliyemaliza kazi. Mwenyekiti akasema, "Mia."

"Tisini na saba," binti akasema, hata hakupaza sauti.

"Mashine imelowa," mtu akasema.

"Mashine haijalowa, baba. Babu, naomba niushike huo mnyororo."

Nikaanza kuukunja polepole, kila kipande kwa mapenzi, kama mtu anayemkunjia mtoto nguo. Sijui ningefika wapi, ila mvua ilirudi kwa hasira, kila mtu akakimbilia kwake. Sijawahi kuipenda mvua namna ile. Shauri limeahirishwa hadi tarehe 23 Aprili, maana binti ana kazi kwingine.

Jumatano, tarehe 1 Aprili

Wajinga siku yao. Nimekaa nyumbani.

Jumatatu, tarehe 6

Mto umepanda hadi kwenye migomba ya mdogo wangu. Akisukumwa kutoka juu na mto ukimla kutoka chini, atabaki na mwavuli wake.

Jumatano, tarehe 8

Nimekwenda kwa mdogo wangu kumsaidia kuziba paa, yaani kushika ngazi na kutoa maoni. Darubini alikuwa anapita kukagua vigingi, mvua ikamwingiza jikoni. Akapewa kigoda, akapewa chai. Mguu wake mmoja uligusa kigingi chake mwenyewe akauondoa haraka, kama mtu aliyekanyaga mkia.

Akainua macho.

"Mama, chuma hiki kizuri. Umekipata wapi?"

"Kaka yangu alinipa nilipoolewa. Kimekaa na chumvi miaka yote hiyo na hakijaoza. Cha zamani hicho."

Binti akakitazama muda mrefu. Pete, kijiti, pete, kijiti, pete, kijiti. Kisha akanitazama mimi. Nikapuliza chai iliyokuwa imepoa tangu nilipoipokea.

Mvua ilipokatika nilimsindikiza hadi barabarani, kwa adabu na kwa woga.

"Babu," akasema, "karatasi na mawe havipatani. Kimoja kina kosa. Nisipopata sababu, sheria inanitaka nifuate karatasi. Nikiipata, na ikiwa na ushahidi wa kushikika, mawe yanakaa yalipo na namba ndiyo inayorekebishwa."

"Sababu gani kwa mfano?"

"Mimi nilizaliwa juzi, babu. Sikuwepo."

Huyu mtoto akizeeka atakuwa mbaya kuliko mimi.

Alhamisi, tarehe 9

Nimejaribu kulala mchana. Hesabu yangu ni hii. Nikinyamaza, au mnyororo ukipotea, mimi nabaki Mzee Mnyororo na mdogo wangu anabaki na choo. Nikirudisha vipande vitatu, mnyororo utakuwa mzima, utasema sawasawa na mashine, watu watasema mzee ni mkweli hata kwa ndugu yake, na nyumba itabomolewa kwa heshima zangu zote. Nikisema, nyumba inabaki, na mimi nakuwa mzee aliyedanganya mashamba saba kwa ajili ya ng'ombe.

Mtu angedhani ni hesabu rahisi. Nimeshindwa siku nzima.

Jumapili, tarehe 12

Mvua.

Jumatatu, tarehe 13

Mvua. Mbuzi mmoja kakohoa kama mimi. Nadhani ananidhihaki.

Jumatano, tarehe 15

Leo niliuweka mnyororo ndani ya gunia nikaenda mtoni. Niliandika juzi "ukipotea," na neno hilo liliendelea kuongea peke yake. Mto umejaa, rangi ya chai ya maziwa, unabeba magogo. Ungeubeba na huu.

Njia inapita nyuma ya mashine ya Kinu. Nilimkuta anapima kwa nyayo kwenye tope, kisigino kwa kidole, kutoka ukuta wa mashine hadi kigingi chekundu ambacho sikuwa nimekiona. Kilikuwa kimepigiliwa ng'ambo ya mashine, upande wa mtoni. Mashine nzima ilikuwa imebaki upande wa juu wa kigingi.

"Hiki cha nani?" nikauliza.

"Cha jirani yangu wa juu. Anadai kumi na tano. Injini yangu imo ndani ya hizo kumi na tano."

"Si uihamishe."

"Mzee, imesimikwa kwa saruji futi nne. Injini si mbuzi." Akajifuta mvua usoni kwa mkono wenye unga, akabaki na masharubu meupe. Siku nyingine ningemcheka hadi mwezi ujao. "Unafikiri napenda kusimama mlangoni kwa mjane na karatasi? Nimesukumwa. Nikikubali kusukumwa bila kusukuma, nabaki na nusu shamba na mashine ya mtu mwingine. Marehemu mume wake alinishikia ngazi nilipoezeka hili paa."

Nilihamishia gunia bega la pili.

"Mzee Mnyororo, nikuulize. Ule mnyororo wako ni sahihi?"

"Ni mnyororo."

"Hilo siyo jibu."

"Ndilo nililo nalo leo."

Akaangalia gunia. Mshikio mmoja wa shaba wa mnyororo ulikuwa umechomoza. Hakuuliza naenda nalo wapi. Akasema tu, "Mto umejaa, usikaribie sana," kama mtu anayemwambia baba yake.

Nimerudi na gunia. Limelowa likawa zito maradufu. Nimefuta yale majina kumi, isipokuwa moja kuhusu tumbo.

Jumanne, tarehe 21

Nilikwenda kumwambia. Niliapa njiani kwamba nikivuka mlango tu nasema. Nikamkuta anapaka ukuta wa jiko chokaa.

"Unapaka nyumba ambayo haijulikani ni ya nani," nikasema.

"Ni yangu. Keshokutwa utauvuta mnyororo wako, yatakwisha. Nataka watu wakija kunipongeza wakute pasafi. Shika hii ndoo."

Nikashika ndoo. Nilipaka nami sehemu ya chini, yeye ya juu. Tukazungukia kigingi. Tulipomaliza akanipa chai na kuniambia nimezeeka vibaya, nile. Nikala. Sikusema.

Alhamisi, tarehe 23

Mnisamehe hati, nyote mtakaosoma.

Ghala lilijaa. Mashamba yote saba yalikuja na karatasi zake ndani ya mifuko ya nailoni. Mvua ilikuwa ya rasharasha, kwa hiyo maneno yote yalisikika.

Mwenyekiti akasema, "Shahidi, mpimaji anaomba mnyororo uhesabiwe mbele ya baraza."

Niliubeba hadi katikati, nikaumwaga sakafuni. Binti akawaita Mwalimu ashike ncha moja na Kinu ashike nyingine, wahesabu wakutane.

"Msihangaike," nikasema. "Ni tisini na saba."

Mwalimu, kwa kuwa ni mwalimu, alihesabu hata hivyo. Alihesabu peke yake, mwanzo hadi mwisho, akikigusa kila kipande kwa kalamu. Kisha akarudia kutoka mwisho. Akaniangalia vile walimu walivyokuwa wakiniangalia darasa la nne.

"Tisini na saba," akasema.

Nikawaeleza. Bwana mkubwa na chupa, msichana, ng'ombe, nzi. Nilipofika kwa nzi watu walianza kucheka, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikutaka wacheke. Nikaendelea hadi mwisho. Nikasema siku ya kwanza niliogopa kufukuzwa kazi, miaka iliyofuata niliona haya, na miaka ya karibuni nilikuwa nimeshapenda kuitwa Mzee Mnyororo.

Mdogo wangu alisimama kule nyuma.

"Na hivyo vitatu viko wapi, kaka?"

"Vimebeba chumvi yako."

Alitoka. Tulikaa tukisikiliza bati linavyodondosha matone, mwenyekiti akijikuna sikio kama yule paka wa daftarini. Aliporudi alikuwa na vipande vitatu mkono wa kulia na kopo la chumvi mkono wa kushoto, maana hakuwa na pa kuliacha. Akampa binti vipande. Kopo akalipakata.

Binti alivishikanisha kwa koleo mwishoni mwa mnyororo. Kinu akavuta huku, mimi kule. Binti akaweka kanda yake ya chuma pembeni. Mita ishirini, kasoro upana wa kidole.

"Sababu imepatikana," akasema. "Waliopima walipima mia kwa mnyororo wa tisini na saba, mashamba yote saba, jiwe baada ya jiwe. Mawe hayajahama. Hakuna aliyeiba kitu kwa jirani. Kilichokosewa ni namba kwenye karatasi, na namba ndiyo nitakayorekebisha."

"Kwa hiyo mita tatu zangu?" Mwalimu akauliza.

"Hazijawahi kuwepo, Mwalimu."

Kinu alicheka hadi akakaa chini, kicheko cha mtu aliyeambiwa injini yake itaamka palepale ilipolala. Halafu akasimama mbele ya mdogo wangu, akasema, "Shemeji, nisamehe," na mdogo wangu akaitikia kwa kichwa kwamba yamekwisha. Wa tatu na wa nne walikuwa tayari wanaulizana habari za mbegu. Kwa zaidi ya mwezi walikuwa hawapeani hata njia.

Mwenyekiti akageukia kwangu. Alisema baraza haliwezi kubaki na mjumbe wa namna hii, kwa masikitiko makubwa na kadhalika. Nikamwambia sawa, kile kiti kilikuwa na msumari tangu mwaka jana na nilimwachia yeye aujue. Watu wakacheka tena. Nikacheka nao.

Mdogo wangu peke yake hakucheka. Alinisubiri mlangoni.

"Kaka, mwezi mzima nimepika juu ya kigingi. Nilikuwa naamka najiuliza nitazikwa wapi kama siwezi kuzikwa pembeni ya mume wangu. Na wewe ulikuwa unakuja kunywa chai."

"Nilitaka kukuambia."

"Juzi ulishika ndoo."

Akaondoka na kopo lake, ameliweka ndani ya kanga lisinyeshewe.

Ijumaa, tarehe 24

Sina la kuandika.

Jumatatu, tarehe 27

Watoto wa barabarani wamenisalimia, "Shikamoo, Tisini na Saba." Nikaitikia. Hata hivyo wamenipandisha. Kichwani nilikuwa nimejipa pungufu ya hapo.

Jumamosi, tarehe 2 Mei

Nilimwona mdogo wangu dukani. Alinisalimia kama anavyosalimia mtu wa kodi.

Jumatano, tarehe 6

Mvua zinapungua. Nimesuka kamba ya mkonge, nzuri, mizunguko mitatu, kwa ajili ya kopo. Nikampelekea. Akaipokea mlangoni, akasema, "Ahsante," akafunga mlango. Niliporudi niliona kaitumia kufungia geti la kuku.

Jumapili, tarehe 10

Kinu amenisagia mahindi, na unga haukupungua. Nimeupima kwa jicho mara mbili. Ama amebadilika, ama nilikuwa namsingizia tangu zamani. Lililo baya ni kwamba sasa sina wa kumsema.

Alhamisi, tarehe 14

Darubini amepita na karatasi mpya. Mashamba yote saba yameandikwa tisini na saba. Kila mwenye shamba ametia sahihi akinung'unika, Mwalimu amenung'unika kwa hati nzuri. Mnyororo unabaki ofisini, kielelezo. Lakini vile vipande vitatu alivipiga picha, akaviandika, akanirudishia ndani ya bahasha.

"Hivi ni mali ya mama wa jikoni," akasema. "Wewe, babu, ni mjumbe tu."

"Nilishafukuzwa ujumbe."

"Basi nakutuma."

Jumamosi, tarehe 16 Mei

Jua tangu asubuhi. Mbuzi wametoka bila kuombwa.

Nilipeleka bahasha. Mdogo wangu alikuwa jikoni, kigingi chekundu kimeng'olewa, kinaungua chini ya birika. Rangi yake ilikuwa inatoa moshi mbaya, tukakohoa wote wawili kabla hatujasalimiana. Kopo la chumvi lilikuwa chini, chumvi imelowa imekuwa donge.

Akafungua bahasha, akavitazama, akanirudishia. Akasogeza kigoda kwa mguu hadi chini ya boriti.

"Panda."

"Nina miaka sabini, mdogo wangu."

"Nilikuambia nataka miaka yako? Panda."

Nikapanda. Yeye akashika kigoda kwa mikono yote miwili, kwa nguvu. Niliinua mikono hadi kwenye msumari, vipande mkononi.

"Kabla hujatundika," akasema kutoka chini, "hesabu. Nisikie."

"Kimoja. Viwili. Vitatu."

Chini birika likaanza kuimba.

"Tena," akasema.

Nikahesabu tena.